Ndugu Mhariri, binti yangu sasa anasoma vichwa vya habari

Ndugu Mhariri,

Mimi ni kinyozi. Kila asubuhi kabla sijafungua saluni nanunua magazeti mawili, moja la habari na moja la michezo, nayaweka kwenye benchi la wateja. Ni gharama, lakini mteja mwenye gazeti mkononi hanung'unikii foleni. Binti yetu yuko darasa la pili. Akitoka shule hupitia saluni kumsubiri mama yake, na tangu alipojua kuunganisha silabi amejipa kazi ya kuwasomea wateja vichwa vya habari. Anasoma kwa sauti, kidole kikitembea juu ya maandishi, nao wanamwita mtangazaji. Kuna mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho ambaye siku hizi huja saa nane na nusu mchana hata kama nywele zake hazijaota, anakuja kusikiliza taarifa ya habari.

Jumanne ya wiki iliyopita mtangazaji alisoma hivi: "Ki-cha-nga cha-o-ko-twa ja-la-la-ni." Akarudia kwa kuunganisha, akafurahi kwamba limeunganika. Kisha akanigeukia, mashine iko mkononi mwangu na kichwa cha mteja kimenyolewa nusu: "Baba, mtoto anaokotwaje? Kama hela?"

Mteja mmoja akadakia kwamba wanawake wa namna hiyo dawa yao ni kunyongwa. Mwingine akasema siku hizi hata mbwa ana huruma kuwashinda. Mtoto akawa anawatazama mmoja mmoja, anangoja jibu. Mimi nikasema, "Hebu soma hilo la michezo, tusikie za Simba na Yanga." Akasoma. Nikamkata vibaya yule mteja upande wa kushoto, ikabidi nimwachie bure.

Binti yetu huyo tumemuasili, Mhariri. Mwenyewe anajua kwamba alitoka kwenye tumbo la mama mwingine na kwamba alikuja kwetu akiwa na miezi mitano; tulianza kumwambia tangu hajajua maana, likawa kama hadithi ya kulalia, na kuna usiku anaidai. Asichokijua ni jinsi alivyokutwa. Hilo liko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati la nguo. Ni kipande cha gazeti, hakizidi kiganja, na kwenye kichwa chake cha habari limo neno lilelile alilolisoma Jumanne: "chaokotwa".

Gazeti lenyewe si lako, na sitalitaja. Jina langu na namba ya simu unavyo, nakuomba uvihifadhi. Mji nimeutaja chini kwa sababu vinyozi Morogoro tuko wengi.

Ili unielewe kwa nini neno moja limeninyima usingizi lazima nianzie mbali, na huko ninakoanzia hakunipi sifa.

Tulioana mwaka 2006. Miaka sita ikapita bila mimba hata ya kuharibika. Mke wangu alipimwa damu, akapimwa damu tena, akanywa vidonge vya kupevusha mayai, akapigwa ile picha ya mirija ambayo dawa husukumwa ndani ya kizazi ndipo mashine ipige. Alitoka chumba kile ameshika ukuta. Majibu: mirija iko wazi, kila kitu kiko sawa. Alikunywa mizizi ya bibi mmoja iliyomharisha siku nne. Alikesha kwenye maombi. Kiwanja chetu tulichokuwa tukikilipia kidogokidogo tulikiuza. Miaka yote hiyo mimi kazi yangu ilikuwa kumpeleka, kukaa kwenye benchi la nje na kulipa. Hakuna aliyeniambia nipime, na kusema kweli sikuuliza. Nilikuwa mzima. Mwanamume mwenye nguvu zake atakuwaje mgumba?

Mwaka 2012 tukampata daktari mwingine, kijana, ambaye kabla hata hajafungua faili aliniuliza, "Na wewe mzee umepima lini?" Nikapewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko chekundu. Nikapima, baada ya wiki kadhaa nikarudia. Kwenye sampuli zote mbili hapakuwa na mbegu hata moja. Akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi. Nikacheka, maana nilikumbuka: kidato cha tatu, bwenini, mashavu yamevimba kama nimeficha maandazi, na baada ya siku chache uvimbe ukashuka huku chini. Matroni alinipa Panadol. Wenzangu walinitania wiki mbili. Daktari akasema huenda ndiyo yenyewe. Wanaume wengi wanaougua matubwitubwi baada ya kubalehe hupona na uzazi wao unabaki, lakini wapo ambao haubaki.

Karatasi ile nikaikunja, nikaiweka saluni chini ya droo ya viwembe. Ilikaa pale wiki tano. Mke wangu nilimwambia majibu hayajatoka.

Kisha ikaja sendofu ya binamu yangu. Ukumbini mtoto mchanga wa mtu fulani alikuwa analia, anapokezwa mkono hadi mkono, mke wangu akanyoosha mikono ampokee. Shangazi yangu akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu: "Mpeni, mpeni ashike! Asiye na mwana si huambiwa aeleke jiwe? Leo kapata afadhali ya jiwe." Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka, akambembeleza yule mtoto hadi akalala. Wajuzi wa methali wataniambia kwamba hiyo ina maana pana kuliko hivyo. Sina ugomvi nao. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, najua jiwe ni la nani, nikaendelea kula pilau.

Nilimwambia usiku huohuo, tumebanana kiti cha nyuma cha daladala. Hakunijibu. Siku tatu hatukuzungumza zaidi ya chumvi na maji ya kuoga. Siku ya nne aliniuliza kitu kimoja tu: "Shangazi utamwambia lini?"

Nilimwambia shangazi baada ya miezi minane. Miezi minane, Mhariri. Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma; sentensi mbili amezifuta, lakini hapo amesema paache palivyo.

Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Niliisoma saluni, kwenye gazeti la wateja. Siku yenye wateja nanyoa vichwa kumi na nane. Nilikaa nikiwahesabu kichwakichwa, nikijiuliza ni wangapi wana karatasi chini ya droo.

Daktari alitueleza pia kuhusu kupandikiza mimba kwa mbegu za mtu mwingine. Gharama zenyewe zilikuwa juu ya uwezo wa mashine yangu ya kunyolea, lakini mke wangu alikataa kabla hatujafika kwenye hesabu. "Mtoto awe wetu sote sawa," alisema, "au kwa damu asiwe wa yeyote." Ndipo mteja wangu mmoja, mama mstaafu wa Ustawi wa Jamii aliyekuwa akileta wajukuu zake kunyolewa, akatuelekeza ofisini kwa wenzake. Hiyo ilikuwa 2015.

Nitasema kidogo kuhusu safari hiyo, maana wengi wanadhani ni kwenda kituo cha watoto na kuchagua. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe amemzidi mtoto miaka 21; hapo hatukuwa na shida, mvi zilishaanza. Kuna fomu, cheti cha ndoa, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini, vipimo vya afya, maelezo ya kipato. Kinyozi kueleza kipato chake kwa maandishi ni kazi. Nilinunua daftari nikaandika kila kichwa kwa miezi mitatu. Afisa ustawi wa jamii alikuja nyumbani bila kutangaza siku. Akaangalia tunapolala, choo, maji tunachota wapi, akauliza tukigombana huwa tunagombania nini. Majirani waliona mtu mwenye faili wakajua tumekopa na tumeshindwa kulipa. Jirani mmoja akatuletea unga, Mungu ambariki.

Kinachotangulia kuasili ni kukaa na mtoto chini ya uangalizi wa ofisi, na hilo kwa Kiswahili cha serikali linaitwa "malezi ya kambo". Nilipompigia mama yangu simu, Same, na kumwambia tumeomba malezi ya kambo, alinyamaza mpaka salio likaisha. Kwa mama yangu kambo ni yule mama wa kwenye ngano anayempa mtoto ukoko. Hata hili la kuasili lilimtatiza: mtu unampaje mwenzio asili? Watu wa pwani wazee husema "mtoto wa kupanga", kama chumba. Lugha yetu ina neno la mtoto wa kwanza, kitinda mimba na mapacha, lakini kwa huyu wetu kila neno lina mwiba mahali fulani. Pengine ndiyo sababu nimekuwa mwepesi wa kuumia.

Tulisubiri miaka miwili. Mwishoni mwa 2017 tukaitwa. Alikuwa na miezi mitano, ana vipele vya joto shingoni. Aliponiona alilia. Alipopakatwa na mke wangu alinyamaza, akamkojolea gauni jipya. Afisa akaandika kitu kwenye faili lake. Hadi leo sijui aliandika nini.

Mama mkwe alishuka kutoka Mgeta na kapu la kabichi na karoti kumwona mjukuu. Mke wangu ni Mluguru, na kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Bibi yule alimgeuza mtoto mbele na nyuma, akasema, "Kwetu sisi mtoto ni wa mamaye. Hili la mbegu ya nani ni la ninyi Wapare." Akamaliza. Mama yangu mimi alichukua muda, aliuliza damu ya nani, ukoo gani, akaja mwenyewe mwaka uliofuata kukagua. Wiki ya pili alikuwa ameshambeba mgongoni. Siku hizi akipiga simu mimi hanisalimii, anauliza mtangazaji yuko wapi.

Mwaka 2019 tulipanda basi Msamvu kabla ya alfajiri kwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Jaji alitusikiliza faraghani, mlango umefungwa, hakuna mtu wa nje. Mtoto alilala wakati wote. RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wakamwandika kwenye rejista ya watoto walioasiliwa, cheti kikatoka kina majina yetu. Nilijaribu kumlipa wakili wetu kwa kumnyoa maisha. Alikuwa na upara.

Nimeeleza hayo ya mlango uliofungwa kwa makusudi, kwa sababu kile kipande cha gazeti kilikuwa kwenye faili, tukapewa nakala. Jaji alifunga mlango, lakini miaka miwili kabla yake mwandishi alikuwa amekwisha kuuacha wazi. Lipo pale jina la mtaa. Lipo jina la korongo. Ipo siku, ipo saa, lipo jina la aliyemwona. Ipo rangi ya kanga aliyoviringishwa, na mwandishi, sijui ili iweje, akanukuu na jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa chini. Sitayaandika hapa. Katika vyote alivyoachiwa na aliyemzaa, hayo ndiyo maandishi pekee, na yatakuwa yake siku atakapoyataka. Lakini tangu siku hiyo mke wangu hanunui kanga bila kusoma jina kwanza, na mara mbili nimemwona sokoni akirudisha kanga na kuondoka bila kununua chochote.

Mwaka 2020 mwanamke mmoja mtaani kwetu aliunganisha umri wa mtoto na mwaka. Alimuuliza mke wangu bombani, ndoo zimepangwa foleni: "Huyu si ndiye yule wa kanga ya..." akataja maneno. Kwa hiyo mtu alikuwa ameyakumbuka miaka mitatu. Kabla ya mwisho wa mwezi watoto wakubwa walikuwa na jina la utani tayari. Tulihama. Tuliacha nyumba yenye kodi nafuu na maji ya uhakika, tukahamia upande mwingine wa mji, nikapoteza nusu ya wateja wangu.

Ninachokuomba ni hiki. Siombi msiandike. Mtoto akikutwa, watu wajue, na ndugu kama wapo wajue. Habari ile ni sehemu ya maisha yake na ndiyo maana tumeitunza. Lakini "kuokota" ni kwa kuni, embe na hela. Mtoto hukutwa. "Mtoto mchanga akutwa akiwa hai" ni maneno matano, kichwa cha habari kinatosha. Mtaa, korongo na kanga viachieni polisi na Ustawi wa Jamii, na nafasi inayobaki wekeni namba 116, ya simu kwa ajili ya watoto, ambayo wengi wanaokuja saluni kwangu hawaijui na haikatwi hata senti. Picha ya uso msiweke, hata ikififishwa, maana tumeona kufifisha kwenu. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu faragha ya nafsi na familia yake, na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao unalisema hilo kwenye ibara ya 16 vilevile. Kwa hiyo hata kukariri si kazi.

Na huyo mama. Simjui, sikumwona, polisi hawakumpata. Mke wangu anaamini alikuwa mwanafunzi; anasema kanga ilikuwa imekunjwa na mtu asiyejua kukunja kanga. Kama alikuwa mwanafunzi, basi mwaka 2017 msichana aliyepata mimba alikuwa hana shule ya kurudi. Mlango huo ulifunguliwa Novemba 2021, binti yetu ana miaka minne. Inawezekana pia hakuwa mwanafunzi, inawezekana alikuwa na roho mbaya kama wanavyosema wateja wangu. Mwandishi wa kile kipande naye hakumjua, lakini alimwita "mwanamke katili" kwenye mstari wa pili.

Niliwahi kukaa kimya neno lisilomstahili mtu likiwa limening'inia juu ya kichwa chake, nikaendelea kula pilau. Jumanne nimefanya hivyohivyo tena, mara hii kwa kusingizia Simba na Yanga. Swali lake bado sijalijibu. Juzi alinikumbusha wakati namfunga viatu, nikamwambia tutaongea Jumapili, mama yake akiwepo. Bahasha tumeishusha kutoka juu ya kabati. Hatujaamua kama tutaifungua.

Kesho asubuhi nitanunua magazeti kama kawaida. La habari nitalisoma mimi kwanza.

Baba wa mtangazaji,
Morogoro